Msiniambie Nimtoe Yule Aliyelala Njiani

Wacha niseme hii kitu mara moja, halafu mnitukane mkiwa mnajua mnatukana nini.

Wiki mbili zilizopita niliweka hapa picha za msafara wangu wa visanamu. Wachukuzi arobaini wa plastiki, kila mmoja kama urefu wa kidole gumba, wakitoka Maktau kuelekea Taveta, Machi 1916, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Nikaandika chini kwamba nimekataa kuiuza. Sikueleza sana. Maoni yakaja mvua, na karibu yote yalikuwa neno moja: mjinga.

Basi nieleze. Mwenye hoteli moja ya upande ule alinipigia. Watalii huja Taita Taveta kuona viwanja vya vita, kwa hiyo alitaka mandhari yangu ikae kwenye kioo pale mapokezi. Bei, elfu thelathini. Masharti mawili. La kwanza, nimtoe yule mchukuzi mgonjwa aliyelala kando ya njia. La pili, nipunguze "hawa wabeba mizigo" niongeze Wajerumani na watu wenye bunduki. "Wageni wanataka vita," akaniambia. Nikamjibu, boss, hiyo ndiyo vita. Akacheka. Nadhani alifikiri napandisha bei.

Elfu thelathini ni kodi yangu ya miezi mitatu. Najua. Mwezi huu nimelipa nusu na keateka ameanza kunisalimia kwa ile sauti. Kwa hiyo msidhani naongea kama mtu aliyeshiba.

Sasa, kabla ya hasira, niwaeleze hawa watu wanatoka wapi, kwa sababu nusu ya ubishi wenu unatokana na hapo.

Wanatoka kwa pakiti. Wale askari wa kijani wa kuchezea, hamsini kwa mia tatu, duka la jumla River Road. Kama ulicheza nao unawajua kwa sura: kuna anayepiga goti na bazuka begani, kuna anayetambaa kwa tumbo, kuna yule wa kutafuta mabomu ya ardhini na kile chombo chake kama anafagia uwanja, na kuna yule ameinua bunduki juu ya kichwa kwa mikono miwili kama anavuka mto. Wote ni Wamarekani wa Vita vya Pili, ukiangalia helmeti. Vita tofauti, bara tofauti, jeshi tofauti.

Yule wa kuvuka mto ndiye dhahabu. Kata bunduki tu. Mikono inabaki juu, viganja vimefunguka kidogo, shingo imekaza. Weka mzigo pale palipokuwa na bunduki na una mchukuzi. Huhitaji kumfundisha kusimama.

Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulisoma mahali. Kwenye pakiti ya watu hamsini sikupata hata mmoja asiye na silaha au chombo cha vita. Anayetengeneza askari wa kuchezea anauza vita, na vita kwake ni mtu na bunduki. Kwa hiyo kama unataka kuonyesha vita ilivyokuwa hapa kwetu, kazi ya kwanza kabisa, kabla ya rangi, ni kukata bunduki. Nimekata arobaini. Zimejaa kikopo cha Blue Band, na nikikitikisa zinalia kama njugu.

Wajuaji mkasema: nunua visanamu vya maana, kuna kampuni Ulaya zinatengeneza vya chuma, hata vya wachukuzi. Ni kweli zipo. Niliwahi kuulizia. Ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, kwa msafara wa watu arobaini ningekuwa nimeuza simu, na wewe usingekuwa unasoma hii. Halafu ninyi hao hao mnalia kwamba historia yetu inasimuliwa na wageni. Kwani nani amewakataza kununua wembe?

Lakini kwenye jambo moja mna haki, wacha nikubali. Mlisema rangi itabanduka. Ilibanduka. Kumi wa kwanza waliambuka kama nazi ya mgongoni mwa mtu aliyelala ufukweni. Hii plastiki laini ni familia moja na jerikeni yako ya maji. Jaribu kupaka jerikeni rangi uone. Gundi pia haishiki vizuri, hata ile ya kunata mara moja. Nimejifunza kwa kuharibu. Kwanza unamwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu ametoka kiwandani na mafuta. Kama unataka kumpinda mguu au mgongo, mtumbukize kwenye maji moto sana, mpinde, halafu mara moja kwenye maji baridi, mkao unabaki. Fanya hivyo kabla ya rangi, si baada. Mkono ukiukata na kuuhamisha, usitegemee gundi peke yake: toboa kwa sindano iliyopashwa moto, pitisha kipande cha waya mwembamba, ndipo utie gundi. Fungua dirisha ukifanya hivyo, harufu yake si ya kuchezea. Mwisho unampaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo kwa maji, mwili mzima, ikauke usiku. Ile ngozi ya gundi ndiyo inashika rangi. Tangu nianze hivyo hajabanduka mtu.

Helmeti inamenywa kwa wembe mpya, polepole, ukizungusha kama chungwa. Viatu vinanyolewa mpaka vinakuwa miguu, halafu vidole vinachorwa kwa ncha ya wembe, maana watu hawa walitembea miguu mitupu. Mifuko ya suruali na mikanda, yote inakwenda. Blanketi ni tishu iliyolowekwa kwenye ile gundi. Mchukuzi alipewa blanketi na kibati cha namba cha kuvaa, basi kila mmoja wangu ana nukta ya rangi ya fedha kifuani. Ukikaa mbali huioni. Nimeiweka hata hivyo.

Halafu kuna yule aliyeandika, "Si ungepaka tu nyeusi yote umalize?"

Ndugu yangu, angalia matatu unayopanda asubuhi. Hesabu rangi za watu mpaka siti ya nyuma, halafu urudi tuongee. Hapa nakasirika kweli, kwa sababu nimeona mandhari za watu, kazi safi, bunduki imepakwa mpaka skrubu zinaonekana, Mzungu ana mashavu mekundu na vivuli chini ya macho, halafu Waafrika wote wamechovywa kwenye chupa moja. Mimi naanza na kahawia iliyoiva sana, karibu na rangi ya kahawa kabla ya maziwa. Mmoja naongeza wekundu, mwingine manjano ya udongo, mwingine buluu kidogo sana. Mahali ambapo jua linapiga, paji la uso, mabega, magoti, naenda kwa rangi ya chungwa iliyochanganywa na kahawia. Kamwe si nyeupe. Ukitia nyeupe mtu anapauka kama amekosa mafuta wiki nzima. Labda hawa walikuwa wamepauka kweli, lakini hilo ni vumbi, na vumbi nalipaka mwisho, kwa brashi kavu, kutoka miguuni kwenda juu, likiisha kwenye magoti. Viganja na nyayo ni hafifu zaidi. Watu arobaini, na nimechanganya rangi upya kila mara. Ndiyo sababu ilichukua miezi saba.

Udongo ni wa Maktau wenyewe. Nilienda na basi mpaka Voi, nikapanda gari lingine, nikarudi na mfuko wa mkate umejaa udongo mwekundu, nikauchekecha kwa soksi ya zamani. Nyasi kavu ni nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi, masazo niliyopewa bure na mama mmoja anayesuka vyondo Kariokor.

Kariokor. Mnapita pale kula nyama choma na kununua sandali. Hilo jina ni Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi cha Waingereza, likiwa limepita kwenye midomo ya watu wetu. Kariakoo ya Dar es Salaam ni neno hilo hilo. Majiji mawili makubwa yana soko lenye jina lao, halafu mwenye hoteli ananiambia wageni hawatawaelewa.

Sasa historia, kwa kifupi. Agosti 1914 Wajerumani kutoka Tanganyika, enzi hizo ikiitwa Afrika Mashariki ya Ujerumani, waliingia Taveta wakakaa. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuja upande ule. Tarehe 12 Februari 1916 wakavamia kilima cha Salaita kwa jeshi lililojaa vijana wa Afrika Kusini, wakachapwa vibaya. Machi wakarudi kwa nguvu zaidi, wakapigana vilima vya Latema na Reata, njia ya kwenda Moshi ikafunguka. Hayo ndiyo mwongoza watalii atakuambia, na ni kweli yote.

Ambalo hataweka mkazo ni kwamba baada ya hapo vita iliingia ndani zaidi kusini, ambako reli na barabara za maana hazikufika, na ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Basi mzigo ukapanda kichwani mwa mtu. Risasi, unga, mahema, dawa, chupa za wakubwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo ishirini na kitu. Fanya hesabu ya duka: mtu amebeba kilo ishirini za unga, na yeye mwenyewe anakula, tuseme kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, ameumaliza. Hajafikisha kitu. Kwa hiyo ili askari mmoja ale mbele kule, unahitaji wachukuzi nyuma yake, na wachukuzi wa kuwabebea chakula wachukuzi. Sheria ya kuwakamata watu kwa lazima ilitoka 1915, na 1917 wakakamua wilaya hadi hazina vijana. Wengi hawakuuawa na risasi. Kuhara damu, nimonia, malaria, na unga ambao haukuiva kwa sababu hapakuwa na muda wala kuni.

Wangapi? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti yake yenyewe, ikajikosoa. Ilisema watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Soma tena hiyo tofauti kati ya namba mbili. Katikati pale kuna watu zaidi ya laki mbili, na hesabu haijui kama walikuwepo.

Ukienda makaburi ya vita Maktau, Voi na Taveta, yametunzwa, nyasi zimekatwa, mawe yamesimama kwa mstari. Sina neno na wale vijana waliolala pale, nao walitumwa. Lakini tusiambiane kwamba vita vya Taita ni mawe yale peke yake.

Boss wa hoteli anataka "Wajerumani zaidi". Wajerumani gani? Sehemu kubwa ya jeshi la Ujerumani huku ilikuwa askari Waafrika, wenye tarbushi zilizovikwa kitambaa cha kaki. Nikimwongezea Wajerumani wa kweli nitakuwa namwongezea Waafrika tena, sasa sijui wageni wake watafanya nini.

Hata Waingereza wenyewe, wakoloni, walipoweka ile sanamu ya shaba pale Kenyatta Avenue, kati ya watu watatu mmoja ni mchukuzi. Wakoloni walimpa nafasi moja kwa tatu. Mkenya mwenzangu, karne imepita, ananiambia nimtoe.

Kuna dada mmoja aliandika maoni marefu ambayo sikuyajibu pale, kwa sababu yalinikaa. Hakunitukana. Alisema tumechoka kuonyeshwa Waafrika wakiwa wamebeba mizigo ya Wazungu, kwamba mtoto wake akiona kioo kile ataona watumwa, na afadhali nifanye askari wa King's African Rifles waliopigana kiume. Dada, nimekusikia. Nimeangalia msafara wangu kwa macho ya mtoto wako na nimeona unachosema. Ndiyo maana sikuweka Mzungu amekaa juu ya machela, ingawa ningeweza, na picha za zamani ziko. Ndiyo maana kila mmoja ana uso wake. Lakini sikubali kwamba mtu mwenye bunduki ana heshima kuliko mwenye gunia. Yule askari wa KAR alikuwa anapigania mfalme yule yule. Aibu ya ule mzigo si ya kichwa kilichoubeba. Na tukiwaficha kwa sababu wanatuumiza kuwaona, tutakuwa tumefanya kazi ile ile ya waliokataa kuandika majina yao, ila sisi tutasema ni kwa sababu ya upendo.

Sasa nimfikie aliyelala.

Yule anatokana na yule anayetambaa. Nilimkata bunduki, nikampasha maji moto, nikamlaza ubavu, magoti yamekunjwa. Blanketi limemfika kiunoni. Mzigo wake umesimama kando, umefungwa vizuri bado. Siku nilipommaliza niliona kazi imekwisha, nikaenda nazo picha nyumbani Machakos kumwonyesha susu.

Susu wangu ana miaka themanini na kitu. Babu yake alichukuliwa 1917. Hakuna kaburi, hakuna karatasi, hakuna kibati. Walichorithi ni neno moja. Tulipokuwa watoto, mtu akichelewa kurudi sokoni, susu alikuwa anasema, "Kwani ameenda Kariako?" Nilidhani ni mji fulani wa mbali. Nimekuja kujua nikiwa na miaka ishirini na mbili kwamba ni mahali ambapo babu yake hakurudi kutoka. Alipelekwa kusini, na matope ya Rufiji sijawahi kuyaona, ndiyo maana nilianza na udongo mwekundu ninaoujua.

Susu alishika simu karibu na macho. Akaangalia mstari wote, akanisifia nguo, akauliza kama ile ni tishu. Akafika kwa aliyelala. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na huyu mgonjwa, mbona hakuna mtu amekaa naye?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia kwamba msafara haukuruhusiwa kusimama, nyapara angepiga. Sikusema. Nilirudi Nairobi nikachukua yule wa bazuka, anayepiga goti. Nikaikata bazuka, nikampinda shingo aangalie chini, mkono mmoja nikauhamisha kwa waya. Nimempa kibuyu cha saizi ya punje ya mchele. Sasa amepiga goti pale kando ya njia, na nyuma yao mstari unaendelea kwenda, watu thelathini na nane.

Hao wawili ndio hoteli inataka niwatoe. Elfu thelathini.

Mwenye hoteli, kama unasoma: bei mpya ni elfu kumi, kodi ya mwezi mmoja tu, na nitaileta mwenyewe kwa basi nimeishika mapajani. Sharti ni moja. Wote arobaini wanaingia kwenye kioo. Ukitaka Wajerumani nitakutengenezea kwa kioo kingine, kwa bei yao.

Na ninyi wengine, badala ya kunitumia vicheko, niulizieni kitu nyumbani. Kwenye picha nilizonazo sioni vizuri mizigo ilifungwa vipi: kamba ilipita mara ngapi, fundo lilikaa wapi, na kata ya kichwani ilikuwa ya majani au ya kitambaa. Kama una nyanya au babu aliyesikia kutoka kwa wakubwa wake, muulize wikendi hii, uniandikie hata mstari mmoja. Nimenunua pakiti ya pili. Leo usiku naanza kukata.